Tingatinga Halina Kidole

Jumatatu, 6 Oktoba

Limefika! Tingatinga lisilo na dereva. Linang'aa, rangi ya chungwa, halina hata kiti. Kuhani kalimwagia pombe ya mchele kama anavyomwagia kila mtambo mpya hapa kwenye ujenzi wa bwawa. Pombe nzuri kabisa, kwa kitu kisicho na koo! Mkuu wa kazi, Bwana Kurosaka, akatangaza kwamba likipita majaribio ya wiki hii, mteremko wote wa kaskazini ni wake. Na mimi Shigematsu, niliyekalia tingatinga tangu nywele zangu zikiwa nyeusi? Nitahamishiwa kibanda cha skrini, kando ya Onodera.

Onodera! Juzi tu alikuwa anaendesha kijiko, ule mtambo wa kuchimbia. Sasa anavaa ndara kazini, anatazama skrini, anatafuna karanga. Eti kanitengea mto wa kukalia. Kiti changu sitoi! Nina mpango.

Jumanne, 7 Oktoba

Ushindi! Kila asubuhi, baada ya mazoezi ya viungo tunayoyafuata redioni, kila mmoja wetu hunyoosha kidole kwenye anachokikagua na kupaza sauti: breki, sawa! Nyuma, sawa! Asiyenyoosha haanzi kazi. Ndiyo sheria, imebandikwa getini. Basi nikauliza kwa upole mbele ya watu wote, je, huyu mgeni wetu kidole chake kiko wapi?

Bwana Kurosaka anaiogopa sheria kuliko mama mkwe wake. Akaamuru mtambo usimame mpaka jambo lieleweke. Bi Hayami, yule fundi kijana aliyekuja nao, akaanza kupekua kitabu cha maelekezo. Nimesukuma udongo kutwa peke yangu, nikiimba. Mbio za sakafuni huishia ukingoni!

Jumatano, 8 Oktoba

Wamelipachika kidole. Nasema kidole! Mkono wa bati, glavu nyeupe, na kipaza sauti. Saa ya ukaguzi mkono ukanyooka twaa: "Breki, sawa! Nyuma, sawa!" Kwa sauti ya nani? Ya Onodera! Walimrekodi jana, msaliti yule, hadi majina yetu sote, akiwa ndani ya ndara zake. Watu wakapiga makofi. Bwana Kurosaka akaniambia mbele ya kadamnasi nilitazame vizuri, maana kidole changu siku hizi kinanyooka nusunusu.

Nyumbani nikamsimulia mke wangu, Fusae. Akaendelea kumenya figili. Akauliza, "Sasa Baba Michiyo, kabla hujawaambia, walikuwa wanajua kama kidole kinatakiwa?" Nikamjibu kwamba mambo ya mitambo hayaelewi. Hapo nikaliona dirishani: sanamu lake la kufukuzia ndege, limesimama shambani bila kazi, mpunga umeshavunwa. Nikapata mpango mwingine!

Alhamisi, 9 Oktoba

Nimelivika sanamu sare yangu ya zamani na kofia ngumu. Wenzangu wakiwa wanakula madonge yao ya wali, nikalisimika katikati ya njia ya tingatinga, nikajibanza nyuma ya rundo la kokoto. Likilikanyaga, ni muuaji. Likisimama, ni mvivu. Kote kote nimeshinda!

Likaja likinguruma. Likasimama karibu kabisa. Kidole kikanyooka, na sauti ya Onodera ikarindima mlima mzima: "Shigematsu, toka hapo! Hatari!" Limesoma jina lililoshonwa kifuani mwa sare! Halikusogea tena. Kazi imelala mchana kutwa. Nimecheka mpaka mbavu zinauma.

Ijumaa, 10 Oktoba

Nimeitwa mbele ya wote. Nilijua nafukuzwa. Kumbe lilikuwa limebaki jaribio moja tu, la kusimama mbele ya mtu, na hakuna aliyethubutu kujitolea. Bi Hayami akainama, machozi yakimlengalenga, akasema mimi mzee nimemwokoa, tena kwa kutoa hadi sare yangu mwenyewe. Majaribio yamekwisha. Mteremko ni wa tingatinga.

Nimepewa zawadi ya usalama. Nikafungua boksi: ndara. Saizi yangu hasa! Onodera kapiga makofi kuliko wote.

Jioni nilipanda tingatinga langu nikakaa tu, bila kuliwasha. Kile kiti kimeshika umbo langu. Niliumia, sisemi uongo.

Jumamosi, 11 Oktoba

Nimepona! Leo kibandani Bi Hayami kaniuliza, kwa adabu zote, kama kuna jambo ambalo tingatinga lake bado haliwezi. Kajileta mtegoni mwenyewe! Haliwezi kunusa! Mlima ukitaka kuporomoka, tope hunuka kwanza, harufu ya majani yaliyooza, na sisi wazee hurudi nyuma mapema. Hilo moja tu. Yapo mengi! Nitamweleza yote, taratibu, moja baada ya jingine, mpaka aone aibu alirudishe kiwandani.

Fusae kauliza kama tingatinga litanilipa ada ya masomo. Hajui vita huyu. Mchimba kisima huingia mwenyewe, nikamwambia. Onodera kanisogezea mto na karanga, na Bi Hayami ameahidi kurekodi kila neno langu. Kiti changu kinarudi!