Kushoto Kwangu Hapakuwa na Mtu

Jumamosi, 14 Juni 2025

Nimeonewa. Mzee Wenseslaus, jirani yetu hapa Kibosho, kaja kumwambia Mama kwamba nimempita njiani bila shikamoo. Tena. Eti tangu nijifundishe Kiingereza cha watalii kwenye simu nimeota mapembe. Nikamwambia sikumwona. Alisimama wapi? Kushoto kwako, kadakia Mzee, nusura unikanyage. Mtu mzima anajificha kushoto, halafu anadai salamu! Mama kaamua: kesho baada ya misa nimpelekee jani la isale. Ukipelekewa isale huwezi kukataa kusamehe, ndiyo mila. Aliyestahili kupelekewa ni mimi.

Jumapili, 15 Juni

Nimepeleka. Nimeinama, nimeomba radhi vizuri kuliko padri. Mzee kalainika, kasema yamekwisha mwanangu, kaa tunywe. Nageuka nikae, nikapiga teke ndoo ya mbege. Yote chini. Nani anaweka mbege kushoto kwa mgeni? Mzee kasema isale moja haifuti makosa mawili.

Jumatatu, 16 Juni

Mchongo. Jaspreet, dada mwenye kampuni ya kubeba watalii pale Moshi mjini, anatafuta dereva. Kanitazama nikiendesha uani, kasema mikono yako mizuri, ila nguzo ya geti umeikwangua. Nguzo yenyewe imekaa vibaya. Usukani nitapewa nikileta cheti cha macho. Macho yangu haya, yanayosoma kibao cha basi kabla konda hajafungua mdomo! Lakini sibahatishi. Nimeipata ile chati ya herufi mtandaoni. Nimeikariri yote.

Jumatano, 18 Juni

Kliniki ni watu wa hila. Herufi nilizimwaga kama sala. Nesi, anaitwa Pamela, kacheka, kasema kaka, huo mstari bado sijauonyesha. Kaniweka kwenye mashine inayopuliza jicho, inapima presha ya ndani. Halafu nyingine: unatazama katikati, ukiona taa pembeni unabonyeza kitufe. Niliona taa zinachelewa, nikabonyeza kwa mdundo. Mashine ikanichongea. Pamela kasema unabonyeza pasipo na taa, zikiwaka za kushoto umenyamaza. Tukarudia kwa haki. Kushoto kimya.

Daktari kasema glakoma. Presha ya jicho inakula mshipa wa kuonea taratibu, inaanzia pembeni, wala haiumi, ndiyo maana hujui mpaka upimwe. Kilichopotea hakirudi. Kilichobaki kinalindwa kwa dawa ya matone, kila siku, maisha yote. Kauliza kwetu nani alipofuka. Nikasema Babu, lakini yule alirogwa. Kasema mwambie mama yako naye aje, ugonjwa huu unatembea kwenye ukoo.

Cheti hakuna. Nimeonewa na mashine.

Alhamisi, 19 Juni

Jaspreet kasema watalii wake hawezi kumpa mtu asiyeona kushoto. Ila Kiingereza changu kakipenda. Nikae ofisini nipokee wageni, mradi kila kliniki nimwonyeshe presha imeshuka. Mimi, mtu wa mezani!

Nilimweleza Mama. Aliosha vyombo vilivyokuwa safi. Baadaye kasema alimshika Babu mkono mpaka anaingia kaburini, na wangu hataki kuushika.

Jumapili, 22 Juni

Matone yanawasha na tofauti siioni. Nilikuwa naona, bado naona. Dawa ya nini? Nimepata mpango. Nitatia siku za kuamkia kliniki tu. Presha itashuka, mashine itafurahi, Jaspreet atafurahi, taratibu nitaurudia usukani. Nyumbani nasema nishatia. Dawa namwagia mgomba. Hakuna atakayejua, kwa sababu

Hapo Mama akakohoa. Alikuwa amesimama kushoto kwangu, chupa mkononi, anasoma tangu sijui mstari gani. Kasema inua kichwa. Kanitia mwenyewe, macho yote mawili, kanibana kama ndama wa chanjo. Jumatano tunakwenda kliniki wote, naye apimwe. Na matone atanitia yeye kila siku, mpaka mmoja wetu azikwe.

Nyumba hii watu hawana adabu. Mtu anasimama popote, bila hodi.

Kesho naandikia chooni. Kule kuna komeo.