Chumba cha Sakafu ya Moto

Jumatatu, 4 Novemba
Baridi! Hapa Korea hata mswaki unaganda. Mimi na Kosal tumetoka Kambodia pamoja, tunachomelea mabomba pamoja, na tunalala pamoja kwenye kontena nyuma ya nyumba ya Bibi Eom. Leo Bibi katangaza: chumba chake cha sakafu ya moto, inayopashwa joto kwa chini, kiko wazi kwa majira ya baridi. Atampa yule atakayemfaa bustanini. Mmoja tu! Kosal hakumaliza hata supu. Kaenda kufunga kabichi kwa mabua ya mpunga, moja moja, kama anawavika watoto vilemba, eti jalidi isizichome. Mnafiki! Kwao hakuwahi kumwagilia hata mchicha.

Alhamisi, 7 Novemba
Nimepata upenyo. Pembeni kuna tuta limefunikwa mabua makavu. Takataka! Bibi alipoenda sokoni nikazoa yote. Chini yake, sikuamini! Vitunguu saumu, punje kwa punje, vimesahauliwa ardhini mpaka vimeota mizizi! Uzee huo. Nimefukua vyote, nimeviosha, nimevimenya. Beseni zima, vyeupe kama meno. Kosal kapita, katazama, kaondoka akicheka peke yake. Wivu.

Ijumaa, 8 Novemba
Bibi kaliona beseni. Kakaa chini, palepale kwenye udongo. Nikadhani ni furaha. Kumbe alivipanda mwenyewe mwezi uliopita! Eti vinalala humo baridi yote chini ya shuka la mabua, vinavunwa Juni. Ningejuaje? Kwetu saumu inatoka dukani. Kaniuliza kama kwetu watoto waliolala nao huwa tunawavua nguo na kuwaosha. Saumu niliyomenya itaingia kwenye kimchi, kabichi yao ya pilipili inayochachushwa. Ile aliyoitundika barazani kwa ajili ya kimchi ndiyo imekuwa mbegu. Nipande mimi, kabla ardhi haijaganda.

Jumapili, 10 Novemba
Tuta zima nimepanda. Mgongo sina. Kosal kaja, mikono nyuma kama mkaguzi, kafukua punje moja. "Mdogo wangu, umezipanda kichwa chini. Unataka zichipue kwa mama yako?" Zote! Na Bibi yuko dirishani! Nimefukua, nimegeuza. Chumba ndiyo basi tena. Nimenunua soksi za sufu.

Jumamosi, 23 Novemba
Siku ya kimchi. Majirani wamejaa uani, pilipili hadi viwikoni. Bibi katangaza mbele ya wote. Chumba ni changu! Changu! Kosal mdomo wazi, kabichi imemdondoka. Bibi kasema Kosal ana mkono mzuri, kwa hiyo abaki kontenani, karibu na bustani. Mimi nilale ndani kwake, awe anasikia niko wapi. Majirani wakacheka mpaka mmoja akamwaga beseni la chumvi. Wacheke tu. Mwenye sakafu ni nani?

Jumapili, 15 Desemba
Raha! Nageuka kama chapati kwenye kikaango. Ila kuna harufu, kama viatu vya kiwanda kizima. Juu ya kichwa changu Bibi katundika matofali ya soya iliyopondwa, ndiyo mchuzi wa ukoo wake kwa mwaka mzima. Kasema yanalala humo kwenye joto mpaka yaive na kuvaa makoti yao, na mimi nisiguse kitu. Kila asubuhi anaingia, anayanusa, anatabasamu, anatoka. Leo nimepanda kigoda nikayaangalia kwa karibu. Nusura nianguke! Ukungu! Mweupe, mwingine wa kijani, una manyoya kabisa! Masikini Bibi, pua imekufa, macho nayo. Mchuzi wote wa ukoo unaoza na hakuna aliyemwambia. Hata Kosal, na mkono wake mzuri, hajui.

Kesho Bibi anakwenda sokoni. Brashi ngumu nimeshaipata. Maji ya moto yapo.