Jinsi Sifael Mpiga Mihuri Alivyoliinukia Kochi

Njooni, wa mlimani na wa tambarare, wenye magoti mazima na wenye magoti kama yangu. Wekeni chini simu zenu, mnyamaze, msikie habari ya vita iliyopiganwa mjini Same siku ya Jumatano, baada ya saa za kazi. Mimi sikuwapo. Aliyenieleza ni Hedwiga, mjukuu wangu, mke wa shujaa mwenyewe, Jumapili iliyopita baada ya ibada, tukichambua maharage ya makande. Naye alicheka hata akachanganya yaliyochambuliwa na yasiyochambuliwa, tukaanza upya. Haidhuru, sikuwa na haraka.

Palikuwa na mtu jina lake Sifael mwana wa Aminieli, mpiga mihuri, mwenye kidole gumba cha wino, ambaye tangu asubuhi hata alasiri huketi ofisini akiwakabili wananchi, mstari kwa mstari, wakimjia na fomu zisizo na sahihi na hasira zisizo na kikomo. Wengi aliwashinda kwa maneno mawili tu: "Rudi kesho." Lakini kila jioni, akiisha kufika nyumbani, alishindwa na adui mmoja asiye na mkuki wala ngao, nalo ni kochi. Kochi la rangi ya damu ya mzee, pana kama kitanda cha mfalme, lenye mito minne, na katikati yake shimo lenye umbo la Sifael.

Mtaniuliza, bibi, mtu kulala kwenye kochi lake ni kosa gani? Sikilizeni basi. Huku kwetu Mbaga pembe ikilia ni msaragambo, kazi ya wote; kila mwenye mikono miwili hutoka na jembe, hata wa mjini hupanda mlima Jumamosi, na asiyetoka hutozwa jogoo. Mwezi uliopita tulijenga kingo za ndiva, lile bwawa la kumwagilia mashamba, naye Sifael akapewa jiwe. Jiwe la kawaida tu. Akapanda nalo hatua kumi na mbili, akahema kama mvukuto wa mhunzi, akaketi juu yake. Wazee wakamhurumia, wakampeleka kwenye chungu cha makande, wakamkabidhi mwiko akoroge pamoja nasi vikongwe. Alikoroga vizuri, simsingizii. Lakini baba mkwe wake, mwanangu Anderson, mtu wa miaka sitini na minne, alipita mbele yake na jiwe kila bega, akamwuliza kwa upole, "Baba, chumvi imekolea?"

Neno lile likamchoma hata ndani. Msaragambo mwingine ulipotangazwa, alinunua raba nyeupe, akaapa mbele ya mkewe kwamba atakimbia kila jioni hata mapafu yafunguke. Wiki tatu raba zikakaa kwenye boksi, zimetawa kama mwali.

Ikawa Jumatano, siku tatu kabla ya mawe. Kompyuta za ofisi zilikuwa zimezima tangu saa nne, na mji mzima ukamlaumu yeye. Akarudi amevunjika moyo na shingo. Hata hivyo akavaa raba, akafunga kamba ya kulia, kisha akaketi kidogo tu ili afunge ya kushoto. Kochi likampokea.

"Mama Blessing," akanena kutoka kati ya mito, "leo nimepigwa pande zote. Nipe dakika tano nikusanye majeshi yangu."

"Baba Blessing, majeshi hayo unayakusanya mwezi mzima. Yamekwama wapi?"

"Yako njiani."

"Sawa. Jumamosi nikufungashie mwiko wetu, au utaazima wa bibi?"

"Mwanamke, usinichokoze. Kesho alfajiri na mapema..."

"Kesho alfajiri hukimbii wewe, utakuwa unatafuta soksi."

Sifael alikuwa amekwisha kuanza kukoroma.

Ndipo Hedwiga, mwenye hila nyingi (hizo kazipata kwangu), akakumbuka kwamba mwezi uliopita alirekodi pembe yetu kwenye simu. Akaichomeka simu kwenye spika ya kwaya ya akina mama, ambayo yeye ndiye mtunzaji, spika kubwa kama mbuzi aliyesimama. Akaielekeza kichwani pa mumewe, akabonyeza.

Enyi watu! Pembe ikalia, madirisha yakatetemeka, kuku wakapoteza njia. Naye Sifael, aliyeisikia sauti ile tangu akibebwa mgongoni, hakuamka. Aliinuka kwanza, kuamka kukaja baadaye. Akapita mlangoni, mkono ukachukua jembe wenyewe, akatoka mbio kuelekea uwanja wa shule, kamba ya kushoto ikimfuata kama mkia.

Lakini mtaa ule umejaa Wapare, nao pembe ile wanaijua. Yudith fundi cherehani akatoka na reki, futi ya kupimia ikining'inia shingoni. Mzee Clemence akatoka na koleo, kandambili moja tu mguuni. Na Athumani wa duka la jirani, mtu wa Kihurio kule tambarare, asiyejua pembe hiyo, alipoona watu wanakimbia akadhani ni moto, akachukua ndoo ya maji. Wote wakamfuata Sifael hata uwanjani.

"Mawe yako wapi?" akauliza Sifael, akihema.

"Unatuuliza sisi?" akasema Yudith. "Tumekufuata wewe!"

"Moto je?" akauliza Athumani.

Hedwiga akafika, khanga mkononi, akakiri yote. Mzee Clemence akaitazama kandambili yake kwa huzuni. "Binti yangu," akasema, "nimeacha chai ya moto."

Athumani akaweka ndoo chini. "Lakini jirani, umetoka nyumbani mpaka hapa bila kusimama! Hongera."

"Hongera ya nini?" Yudith akadakia. "Amekimbizwa na simu. Jumamosi simu itambebea jiwe?"

Sifael akageuka kutazama njia ya nyumbani, na wallahi kochi lilikuwa likimwita kwa jina. Akilini akamwona baba mkwe na mawe yake mawili. Akaiona chumvi. Ndipo akainama, akafunga kamba ya kushoto, akampa mkewe jembe.

"Shikeni saa," akanena. "Sasa nakwenda mwenyewe."

Akauzunguka uwanja peke yake, bila pembe wala jogoo wa kutozwa. Kwenye goli la mbali aliikumbatia nguzo, wakasema basi, ameisha. Akatema vumbi, akaiachia, akaendelea. Alipofika, Yudith akapiga vigelegele, na Athumani, asiyetaka maji yake yapotee bure, akammwagia ndoo nzima kichwani. Na iandikwe kwamba raundi ilikuwa moja, nayo ilikuwa yake. Ya Jumamosi mliyaona wenyewe: mawe manne, akipumzika mara tatu, na chungu hakukigusa ila kwa kula.

Jioni ile ya Jumatano shujaa hakulisogelea kochi. Alikula ugali mkekani, akalala palepale kabla ya taarifa ya habari, raba miguuni. Hedwiga akamfunika shuka, akatoa sahani, akarudisha spika mahali pake, kisha akaketi kwenye kochi, kidogo tu, ili afungue kilemba. Kochi likampokea.