Ugali wa Mtama wa Mifagio

Jumatatu, 6 Juni 1955. Chilangala.

Nimepigwa na butwaa. Mjomba Shamte, mjomba wa mke wangu Julia, kapita kukagua mashamba. Huku kwetu Newala mume anahamia kwa mke, na shamba analolima ni la wakwe. Asiyejaza ghala anarudishwa kwa mama yake. Mama yangu yuko Masasi. Ameshasema kitanda changu siku hizi kinalaliwa na mbuzi.

Mtama wa Danieli, aliyemwoa dada yake Julia, ni wa kawaida. Mfupi, masuke yameinama kwa punje. Wangu una urefu wa watu wawili, masuke kama mgwisho wa kufukuzia nzi, mekundu na meusi. Mbegu niliipata misheni: mtama wa kufungia mifagio na kupambia bustani. Nimeupanda shamba zima, na kuuzungusha nyumba uwe ua. Mjomba nilimwambia ni mtama mgeni tu.

Leo kasugua suke kiganjani. Kapuliza. Kiganja kitupu. Akasema Jumamosi atakuja kula ugali wa mtama huu, na atachungulia ghala.

Jumanne, 7 Juni.

Nina akili. Nitafunga mifagio, nibadilishane kwa mtama wa kula.

Nilifunga kumi na miwili, nikazunguka nyumba hadi nyumba. Kila mwanamke aliniambia vijiti vya kufagilia vimejaa porini, na sakafu yake ya udongo haijawahi kulalamika. Yuliana, jirani yetu, aliugeuzageuza mmoja kwa muda mrefu, akauliza tangu lini wanaume wanafunga mifagio. Ukafumuka mikononi mwake. Akacheka hadi akakaa chini.

Narudi nyumbani, mshtuko mwingine. Masuke kama thelathini yamekatwa kwenye ua, upande wa nyuma. Kwa kisu, vizuri kabisa. Ni Danieli, nani mwingine? Nikaenda kumshtaki. Mjomba akaniuliza mtu mwenye mtama wa kula aibe makapi ayafanyie nini. Swali la uonevu.

Alhamisi, 9 Juni.

Siku ya aibu.

Niliamua kuukata ua, maana masuke yake ni marefu kuliko ya shambani, yatatoa mifagio isiyofumuka. Julia alinikataza. Alisema ua ndio unaonisitiri na mama yake. Mkwe na mkwe hawaonani uso. Kabla ya ua, kila mama mkwe alipopita nilikuwa naruka kichakani, na makovu ya miiba ninayo. Nikamwambia saa hizi mama yuko bondeni anateka maji.

Pigo la tatu la panga, mtama ukalala. Mama mkwe huyu hapa! Ameketi mkekani nyuma ya ua, masuke yangu mapajani, anafunga mifagio kwa kamba ya ukindu. Mdomo wazi. Tulitazamana. Miaka miwili ya ndoa, sikujua kama ana mwanya.

Akajifunika kanga. Mimi nikajifunika mtama, nikarudi kinyumenyume mbio, nikakanyaga mtungi wake. Maji ya bondeni, ya nusu siku ya kupanda mlima, yakanywewa na mchanga. Sijala tangu hapo. Si kwa huzuni. Julia hakupika.

Jumamosi, 11 Juni.

Nilikuwa nimeshafunga mzigo wa Masasi. Mjomba kafika, kala ugali, kaomba tena. Nikadhani naota. Kachungulia ghala: vikapu saba vya mtama wa kula.

Julia ndiye aliyeeleza, kwa niaba ya mama yake aliyekaa nyuma ya nyumba. Tangu Mei mama anakata masuke ya ua na kufunga mifagio, na Yuliana anaipeleka Newala mjini kwa wake wa wenye maduka. Sakafu zao ni za saruji. Vijiti vinazikwaruza, mtama huu hauzikwaruzi. Wanalipa kwa mtama wa kula. Mama kalijaza ghala kimyakimya, binti yake asibaki bila mume. Mume mwenyewe, alisema Julia, hajawahi hata siku moja kuchungulia ghala lake.

Mjomba kaamua. Nitoe jogoo kuondoa aibu ya kumwona mama mkwe uso. Niteke maji bondeni siku saba. Nimwombe radhi Danieli. Msimu ujao shamba zima liwe mtama wa kula. Wa mifagio ubaki uani tu, na wa kuukata ni mama.

Nimekubali yote. Nililia kidogo. Nikasema ni vumbi.

Jumapili, 12 Juni.

Nimefikiri vizuri wakati wa mahubiri. Kumbe nilikuwa sahihi tangu mwanzo. Ikiwa ua peke yake umetoa vikapu saba, nikipanda wa mifagio tena shamba zima je? Mbegu ya mtama wa kula aliyoniachia Mjomba nimempa Danieli, iwe ndiyo radhi yake. Kaipokea upesi sana. Maskini, hajui anachokikosa.

Julia kaniuliza mwakani tutakula nini. Nimemwambia amuulize mama yake.