Kompresa Haipandi Gura

Jumatatu, 6 Oktoba

Mkutano wa ukoo nyumbani kwa Mama, Kamakwa. Jambo lilikuwa moja tu: nani atawabeba wazee kwenda Kiriaini tarehe kumi na nane, kupeleka mahari ya mdogo wangu Mburu. Hali si nzuri. Safari ya kwanza tulifika jioni, kwa sababu Mzee Peterson, msemaji wetu, alitaka kuonja nyama pale Othaya. Wajomba wa Shiro, mchumba wa Mburu, wakatuambia kwa upole kwamba tukifika tena baada ya saa sita mchana, watalihesabu hilo kuwa ndilo jibu letu na binti yao atabaki kwao. Tangu siku hiyo Mburu hali vizuri. Suti aliyoshonewa imekuwa ya mtu mwingine.

Binamu yangu Kingori akasema gari lake la Probox liko tayari. Wote wakaitikia. Wote! Mimi ndiye kifungua mimba wa nyumba hii, na kila shughuli nasafiri nyuma ya Probox hilo nimepakata kreti ya soda. Nikasimama. Nikasema wazee hawawezi kushuka kwa wakwe kutoka kwenye gari la kubebea maziwa, na mimi nina gari la Kijerumani lenye kompresa.

Mzee Peterson akauliza kompresa ni nini. Nikamweleza: ni pampu inayozungushwa na mkanda wa injini. Inasukuma hewa ndani kwa nguvu, hewa ikizidi, petroli nayo inazidishwa, na gari linapata nguvu kuliko umbo lake. Akauliza kama linafika mapema. Nikasema mapema ndiyo kazi yake.

Nimepewa wazee. Kingori amepewa akina mama na mboga. Nimerudi nyumbani nikiimba.

Sikuwaambia kwamba siku hizi gari lina tabia. Pale mto Gura, ukishavuka daraja na kuanza kupanda, linavuta, linaachia. Linavuta, linaachia. Abiria anaitikia kwa kichwa njia nzima kama anayekubali hotuba. Ni jambo dogo. Muda upo.

Jumanne, 7 Oktoba

Gereji kwa Kioko. Ameunganisha mashine yake, akaisoma, akasema haioni kosa. Akapima msukumo wa petroli. Uko sawa. Akapiga resi gari likiwa limesimama uani. Limenguruma vizuri mpaka nikaona aibu. Kisha akaniuliza kama petroli iko.

Nikamwambia iko. Na iko kweli. Taa ya njano inawaka, lakini inawaka tangu Machi na hatujawahi kulala njiani.

Naandika hapa kwa kuwa hakuna mwingine anayejua. Nilipolinunua gari hili, ukoo mzima ulilinunua nami. Nikabeba maiti ya jirani. Nikampeleka mke wa fundi cherehani kujifungua. Nikabeba ndama wa Kingori, kwenye kiti cha nyuma, na ndama hana adabu. Ndipo nikagundua dawa: tangi kavu. Mtu akija kuazima, simbishii. Namfungulia mlango, namwonyesha geji. Sindano imelala, taa inawaka. Ananipa pole na kwenda zake. Hakuna anayetaka kuazima gari halafu alinunulie mafuta.

Kioko hakuona haja ya kubadilisha plagi. Nimemlazimisha.

Alhamisi, 9 Oktoba

Plagi mpya. Gura ile ile. Lori la majani chai limenipita mlimani. Dereva amenipungia mkono! Na lilikuwa limejaa.

Nimemwagiza Kioko abadilishe filta ya petroli. Akasema aliibadilisha Mei. Nikasema ibadilishwe tena.

Jumamosi, 11 Oktoba

Mke wangu Wachuka ni mwalimu wa sayansi, na leo alikuwa na semina Kerugoya. Amelichukua gari. Nikamuaga kwa moyo mzito na kuweka simu karibu, nikisubiri kuitwa kumwokoa.

Hakupiga. Jioni amerudi anachekacheka. Nikamwuliza kama lilivuta na kuachia. Akasema halikuvuta wala kuachia, tena amepita mabasi mlimani. Akaongeza kwamba alianza kwa kujaza tangi, kwa sababu yeye si mtu wa kukutwa barabarani na viatu vya visigino.

Alijaza tangi! Nimeketi chini.

Hata sijapata pumzi, Kingori huyo langoni. Ploti yake imepakana na yetu na macho yake hayana mpaka. Amechungulia dirishani, ameona sindano iko juu. Kabla chai haijapoa ameniomba gari la Jumatatu, ampeleke mama mkwe wake Murang'a kwa daktari wa macho. Probox, anasema, linamtikisa mama.

Jumapili, 12 Oktoba

Wachuka alibaki kanisani kwa mazoezi ya kwaya. Mimi nikabaki na mpira na mitungi. Kufyonza petroli si kazi ya mtu mzima. Funda la kwanza limeshuka tumboni. Mchana kutwa nimecheua petroli, na sikuthubutu kukaribia jiko.

Mitungi nimeificha bandani kwa kuku. Kuku wamehama, wamelala juu ya ua. Nitakuwa naongeza kidogo kidogo, kikombe hiki leo, kingine kesho.

Kingori amekuja kuchukua funguo. Nimemfungulia mlango, nikamwonyesha sindano. Ameitazama kwa muda mrefu kuliko ilivyo desturi. Akauliza petroli ya jana imeenda wapi. Nikamwambia kompresa inakula sana. Ameondoka kichwa chini. Ushindi!

Jambo moja tu linanisumbua. Kwa nini gari limempandia Wachuka na mimi linanikatalia?

Jumatatu, 13 Oktoba

Nimejaribu tena Gura. Limevuta, limeachia. Kwa hiyo tofauti si plagi wala filta. Tofauti ni mimi na Wachuka. Nimekaa kando ya barabara nikatafakari, na jibu limekuja: mguu. Yeye ana mguu mwepesi. Mimi navaa viatu vya soli nene, soli inakanyaga bila mimi kujua, injini inachanganyikiwa.

Nimevua viatu. Nimeendesha na soksi mpaka Othaya, ninakofanya kazi ya ukarani katika chama cha ushirika. Bado limevuta, limeachia, lakini kwa ustaarabu zaidi. Kwenye kizuizi, afisa mmoja wa polisi anayeitwa Adhis amechungulia miguu yangu. Akauliza mtu mzima anaendesha na soksi kwa nini. Nikamweleza habari ya kompresa tangu mwanzo. Hata leseni hakuitazama. Ameniambia niende polepole na nimsalimie mke wangu.

Jumatano, 15 Oktoba

Nimeenda kwa Kioko kuagiza sensa ya hewa. Amekataa. Makanika, anakataa kazi! Ameniuliza tena habari ya petroli, mara hii amechungulia geji mwenyewe. Nikamwambia gari ni langu na geji ni yangu. Akajifuta mikono.

"Baba Kim," akasema, kwa jina la mwanangu, "hii gari tumebadilisha kila kitu. Imebaki mwenyewe."

Sijui alitaka kusema nini. Wakamba hawa wana utani mzito.

Ijumaa, 17 Oktoba

Wachuka ametaka kupitia petroli stesheni ili kesho tuondoke na tangi kamili. Nimekataa, na sababu ninazo. Kwanza, Kingori ataona. Pili, wazee wenyewe ni wazito, hasa Mzee Peterson, na petroli ina uzito wake. Gari la kupanda mlima linatakiwa kuwa jepesi. Nimeongeza kikombe kutoka bandani na nimelipiga pasi ya nta mpaka linaonyesha uso.

Mburu amekuja kulitazama. Ameuliza kama nina hakika. Nikamshika bega. Nikamwambia alale kama mtoto.

Jumamosi, 18 Oktoba

Naandika mikono ikinuka petroli.

Tuliondoka saa nne asubuhi, mimi mbele na wazee, Kingori nyuma na Mburu, Mama, Wachuka na akina mama wengine. Mpaka darajani mambo yalikuwa mazuri. Mzee Peterson alikuwa akisifu kiti. Tukaanza kupanda Gura.

Likavuta, likaachia. Wazee wakaitikia kwa kichwa, wote pamoja. Kofia ya Mzee Peterson ikashuka machoni. Nikakanyaga zaidi ili kompresa ifanye kazi yake. Ikafanya. Likavuta kwa nguvu mara moja, likaachia, likazima kabisa. Nikajaribu kuliwasha. Likakohoa. Mzee mmoja akaanza kuomba kwa sauti ndogo, na hakuwa akiniombea mimi.

Probox likasimama nyuma yetu. Mburu akashuka. Sijawahi kumwona na uso ule, hata siku tulipomzika Baba. Alitazama saa, akatazama mlima, kisha akanitazama.

"Kahiga," akasema, "leo si mambo ya gari yako. Ni mambo ya bibi yangu."

Nilitamani daraja linimeze. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli.

Wachuka naye akashuka. Hakuuliza mengi. Alifungua mlango, akaona taa, akaniuliza petroli aliyoijaza iko wapi. Nikasema iko bandani kwa kuku. Akina mama wote wakageuka kunitazama. Wachuka akachukua chupa ya soda aliyokuwa akinywa, imebaki kidogo chini na mrija ndani. Akailaza mbele yangu kama gari linavyolala mlimani. Soda ikakimbilia upande mmoja. Mrija ukabaki ukinyonya hewa.

Akanieleza kama ninavyomsikia akiwaeleza watoto wa darasa lake. Pampu ya petroli, ile ya ndani ya tangi, ndiyo mrija. Kwenye uwanda inapata, kwenye mlima inakosa, inapata, inakosa. Na ukikanyaga, kompresa inaleta hewa nyingi inayodai petroli nyingi ambayo haipo. Tena pampu hiyo inapozwa na petroli inamokaa. Nikiendelea hivi itaungua. Nikamwuliza basi habari ya soksi. Akainua chupa akamalizia soda yake.

Kingori alikuwa tayari anawashusha akina mama. Hakunicheka, na hilo ndilo lililoniuma. Wazee wakaingia Probox pamoja na Mburu, Mzee Peterson akiwa mbele na kofia yake, wakaondoka kwa kasi ambayo sikujua Probox linayo. Mimi nikabaki kando ya barabara na Mama, mke wangu, shangazi na magunia ya kabichi. Mama alinigeuzia mgongo. Alikaa juu ya gunia akatazama mto.

Boda boda ikatuletea petroli kutoka Othaya. Wachuka akashika usukani. Gari likapanda Gura bila hata kukohoa, akina mama wakiimba, wengine wamekaliana mapajani. Kabichi nilizipakata mimi.

Kiriaini tulikuta lango limefungwa. Kwa kuwa tulichelewa, akina mama wa kwao walituimbisha nje mpaka sauti zikakauka, ndipo wakafungua. Lakini wazee walikuwa wamefika kabla ya saa sita. Mahari ilikuwa imepokelewa. Shiro alikuwa amekaa karibu na Mburu, na Mburu alikuwa anakula! Anakula kama mtu aliyetoka kifungoni. Nilimtazama nikafurahi. Angeikosa siku ile kwa ajili yangu.

Mzee Peterson akasimama kutoa shukrani. Amemsifu Kingori. Wamemchagua Kingori mwenyekiti wa kamati ya harusi. Mimi nimepewa viti na hema.

Jumatatu, 20 Oktoba

Sikukuu, hakuna kazi. Nimekaa nyumbani nikitafakari makosa yangu kwa unyenyekevu, kama Wachuka alivyoniagiza. Nimeyaona. Sasa najua wazi kwamba gari lenye kompresa haliwezi kuishi na tangi kavu. Nimekubali mbele ya mke wangu na mbele ya Mama.

Tatizo basi halikuwa petroli kuwa kidogo. Tatizo ni kwamba petroli ikiwa nyingi, geji inawaambia watu.

Mchana nimemwita Steve, fundi wa nyaya. Amechomoa waya mmoja. Sasa sindano imelala daima na taa inawaka daima, hata tangi likifurika. Nimejaza mpaka juu, nikamwita Kingori kwa visingizio achungulie. Amechungulia. Akanipa pole! Wachuka sijamwambia. Anapenda mambo yaliyonyooka.

Ijumaa, 31 Oktoba

Kesho wazazi wa Shiro wanakuja Nyeri kuona nyumba atakayoishi binti yao. Nimeomba nikawachukue mimi. Mburu alikataa. Nikamwapia kwamba mambo ya tangi yamekwisha, Mama akaniombea, Mburu akakubali kwa shingo upande. Alinisindikiza mpaka langoni akinitazama machoni. Nikamwambia safari hii alale usingizi.

Leo nikitoka kazini, pale Gura, limevuta, limeachia.

Petroli haiwezi kuwa, kwa sababu nilijaza mwenyewe. Wiki hii, au iliyopita. Geji inasema hamna, lakini hiyo ndiyo kazi ya Steve, na Steve anajua kazi. Kioko hashiki simu. Nimepitia dukani nikanunua plagi mpya, nitazifunga mwenyewe alfajiri.

Wakwe nawachukua saa mbili.