Meno ya Wifi Kwenye Meza Yangu

Jumatatu, 3 Machi

Wifi, huna haya. Mtu mzima, mvi kichwa kizima, unakuja kwangu asubuhi bila kualikwa, unakunywa chai yangu mpaka birika linalia, halafu unaipapasa meza yangu kama mtu anayechagua mbuzi. Eti meza ya baba yako. Baba yako aliichonga, sikatai. Lakini aliyekandia unga hapo ni nani? Aliyeogeshea watoto juu yake? Mimi! Wewe ulikuwa wapi na huo mkono wa kupapasa?

Shida yote ni sebule. Wifi kahamia nyumba mpya mtaa wa pili, sebule kubwa, haina meza. Angepata sebule ndogo tungeishi kwa amani.

Na ushahidi anao. Anasema alipokuwa anaota meno aliitafuna meza hii pembeni, na alama zipo. Alipoondoka niliinama nikatazama. Zipo. Pembe ya dirishani, vishimo vimejipanga. Miaka yote hii nilidhani ni panya.

Mwamuzi ni shemeji yangu, kaka yao mkubwa. Kasema atakuja Jumapili mchana. Akiziona alama, meza ni ya aliyeitafuna. Asipoziona, inabaki ilipo. Huyo ndiye ambaye ukoo mzima unamwita mwenye busara.

Marehemu mume wangu angekuwepo, angekaa kimya. Alikuwa hodari sana wa kukaa kimya.

Jumanne, 4 Machi

Nimeamka na akili. Meza ni chakavu, nani hajui? Vanishi imebabuka, madoa ya chai kila mahali. Mwenye meza akiamua kuitengeneza upya, nani atamlaumu? Na katika kutengeneza, pembe moja ikikwanguliwa zaidi ya nyingine, hiyo ni bahati mbaya. Mbao haina mdomo.

Nikaenda kwa seremala, jirani yetu wa ukuta. Namwita Fundi Kesho, kwa sababu hilo ndilo jibu lake hata ukimuuliza hali. Nikamwambia meza yangu inataka kuwa mpya. Akasema kesho. Nikasema sitaki kesho yake, nataka vifaa vyake. Akacheka mpaka akaishika benchi. Akauliza nani atasukuma randa, mimi? Nikamjibu kwamba nimesukuma watoto sita wakatoka, randa ndiyo itanishinda?

Akaacha kucheka. Akanipa randa, msasa, kopo la mafuta ya kitani na bonge la nta ya nyuki. Maelekezo yake: kwangua vanishi kwa kipande cha chupa, fuata uzi wa mbao, ile mistari yake, piga msasa, yeyusha nta kwenye mafuta, paka kidogo sana. Kisha futa yote iliyobaki juu, ufute tena, mpaka kitambaa kitoke kikavu.

Nikauliza: nipake, halafu nifute? Akasema ndiyo, Bibi. Sasa nipake kwa nini? Akasema ndivyo kazi ilivyo. Fundi gani huyu, anafanya kazi halafu anaifuta!

Jumatano, 5 Machi

Nimevunja chupa. Nimekwangua tangu chai ya asubuhi. Vanishi inatoka kama magamba ya samaki. Mke wa mwanangu, ninayekaa naye, kauliza nafanya nini. Nikasema usafi, wageni wanakuja. Akauliza usafi gani unaanzia pembe moja. Macho ya huyu binti siku moja yatamletea matatizo.

Nikaishika randa. Kwanza ikagoma. Nikaisema. Ikaruka! Meno ya wifi yakaondoka pamoja na kipande cha mbao kama ndizi. Pembe ikabaki mviringo. Tatu zilizobaki zikaonekana kali, zinamshitaki mtu. Nikazichonga nazo zifanane. Hazikufanana. Sasa moja ni kama goti, moja kama kisigino, na hiyo ya mlangoni sijui hata niiite nini.

Mahali pamoja sikupitisha randa. Upande wake marehemu, alipokuwa anaegemeza kiwiko akisikiliza redio, mbao imebonyea. Kisahani hivi. Hapo nimepuliza vumbi tu, basi.

Alhamisi, 6 Machi

Msasa kutwa. Vumbi limeingia kwenye mchuzi. Mwanangu kasema chakula kina ladha ya mlango. Nikamuuliza ni mlango gani aliwahi kula.

Fundi Kesho kachungulia juu ya ukuta kukagua. Akasema uzi wa mbao unakwenda hivi, Bibi, wewe umesugua hivi. Nikasema mbao itazoea. Akaiona pembe ya dirishani, akauliza hapa palikuwa na nini. Nikasema panya. Akasema panya huyo alikuwa na randa? Nimemwambia arudi kwenye kesho yake.

Ijumaa, 7 Machi

Nta imeyeyuka vizuri sana kwenye sufuria ya maziwa ya mke wa mwanangu. Yeye hajayeyuka vizuri. Kanuna mpaka saa hii.

Nimeongeza na tapentaini ya kuzimulia rangi, niliikuta uvunguni. Harufu inafungua pua mpaka kisogoni. Sasa hilo la kupaka kidogo, hapana. Mimi mkono wangu haujawahi kuwa mchoyo. Shemeji aje aone meza imepakwa kinyonge, aseme mjane wa ndugu yake kaishiwa? Nimepaka kama siagi kwenye mkate wa mgeni. Nikapaka tena juu yake. Kufuta? Nifute mali?

Inang'aa kama kipara cha shemeji mwenyewe. Alama ya jino hata moja hakuna. Nimekaa nikaitazama mpaka chakula kikapoa.

Jumamosi, 8 Machi

Haijakauka.

Nimebonyeza kidole, kimeacha picha yake. Nzi wamenasa, wananitazama. Paka kapita juu, kaacha nyayo kutoka mwanzo mpaka mwisho na manyoya ya kutosha kutengenezea paka mwingine. Nikaongeza nta kufunika nyayo.

Mke wa mwanangu kasema Mama, tuifute, bado mapema. Nikamwambia afute sufuria yake. Fundi Kesho kasema hivyohivyo kutoka ukutani. Wamekutana wapi hawa?

Nimefungua madirisha na kupepea na mfuniko wa beseni. Itakauka. Nimeiambia.

Jumapili, 9 Machi

Wamekuja. Shemeji na fimbo yake, wifi na gauni la kushinda kesi. Alikuwa ameshaandaa na kitambaa cha kutandika juu ya meza. Kiburi gani hicho!

Shemeji akaiona meza, akasema lo, mpya. Nikainamisha kichwa kama mtu asiyependa sifa. Wifi akaenda moja kwa moja pembe ya dirishani. Akainama. Akavaa miwani. Akazunguka pembe zote, akarudi. Akasema meno yangu yalikuwa hapa. Nikauliza meno gani, wifi yangu? Kwa upole kabisa, sijui niliutoa wapi.

Shemeji akapitisha dole gumba. Laini. Likanata kidogo, akalifuta kwenye suruali. Akakohoa kile kikohozi cha hukumu, akasema yeye haoni alama, na alisema asipoona meza inabaki ilipo.

Nimeshinda! Kwa muda wa kumeza mate.

Maana wifi alikuwa hajainuka. Bado ameinama, pua juu ya nta, anatafuta, anavuta harufu ya tapentaini. Nikaona pua yake inacheza. Nikataka kusema ondoa uso, wifi. Akapiga chafya, kuta zikatikisika. Meno yake ya bandia ya juu yakaruka, yakaangukia mezani, yakasimama yamenasa. Yanatucheka.

Wifi akafunika mdomo. Mke wa mwanangu akakimbilia jikoni, nikamsikia anakoroma kwa kicheko. Shemeji akayavuta. Hayatoki. Akaweka fimbo chini, akavuta kwa mikono miwili. Yakatoka na sauti ya busu.

Na pale chini, kwenye nta yangu niliyoipaka bila uchoyo, safu nzima ya meno. Safi. Hata ufizi ulionekana.

Shemeji akatazama. Akamtazama wifi. Akanitazama mimi.

"Shemeji, alama si hizi hapa? Tena safari hii kaacha ya meno yote."

Nikasema hizo si za utotoni. Akajibu kwamba yeye alisema alama za meno, hakutaja umri. Wifi akayasuuza kwenye chai yangu, akayarudisha mdomoni, akacheka mpaka machozi. Sikuwa nimemuona anacheka hivyo tangu kaka yake alipokuwa hai. Alikuwa ameegemea meza, na mkono wake ulikuwa umetua kwenye kile kisahani cha kiwiko. Akakipapasa. Akauliza kama nilipakwangua.

"Hapo hapaguswi," nikamwambia.

Akaacha kucheka. Akasema basi kila Jumapili nije nile kwake, upande huo nikae mimi.

Meza imeondoka na mkokoteni, nzi wote juu yake. Nimebaki na sebule yenye mwangwi.

Jumatatu, 10 Machi

Nimewaza. Kosa halikuwa langu. Kosa ni la Fundi Kesho, kanipa nta haba. Ningepaka mara mbili ya ile, meno yangezama, juu pangejifunga, nani angeona alama?

Na wifi kanialika mwenyewe. Kila Jumapili! Nyumbani kwake, nimekaa na meza, yeye yuko jikoni anapakua. Mkoba wangu mkubwa unabeba randa. Alama zikitoweka, shemeji ataitwa aamue upya.

Wewe mke wa mwanangu unayesoma hapa begani kwangu ukijifanya unafagia, acha ufagio. Nenda ukutani umwambie fundi nataka nta maradufu. Nivunjie chupa nyingine, chagua yenye makali. Na ile sufuria ya maziwa, irudishe motoni.