Kuhusu Ubongo Uliobandikwa Darasa la Pili

Pongwe, Tanga

Ndugu Mwinyijuma, Mwenyekiti wa Kamati ya Shule,

Salaam. Kabla sijaingia kaburini, na daktari hanifichi kwamba siku zenyewe si nyingi, nataka nilitoe jambo nililolificha. Yule mtu aliyekuwa akijibanza asubuhi nyuma ya dirisha la Darasa la Pili, mkamdhania mwizi wa mabati, ni mimi, mwalimu mkuu wenu mstaafu. Sikufuata bati. Nilikuwa nikikusanya ushahidi dhidi ya Mwalimu Tuhfa. Na kwa kuwa Alhamisi kamati yako inakaa kuamua habari ya mjukuu wangu Zuwena na mkono wake wa kushoto, naomba malalamiko yangu yasomwe mbele ya wote.

Uniwie radhi kwa mwandiko. Tangu kiharusi cha mwaka jana upande wangu wa kulia umelala, na herufi zangu hazijanyooka.

1. Mwalimu Tuhfa aliporudi kutoka kwenye mafunzo huko mjini, alibandua ukutani picha ya tumbo na matumbo, akabandika picha ya ubongo. Tumbo kila mtoto analijua, ndilo linalomwamsha alfajiri. Ubongo nani aliuona? Nimefundisha maisha yangu yote bila kuutaja, na hakuna mzazi aliyekuja kuuulizia.

2. Anasema hofu humfungia mtoto njia ya kujifunza. Hii ni dharau kwa bakora yangu. Yakoub muuza samaki, mtu mzima mwenye wajukuu, mpaka leo akiniona hutua ndoo na kuficha mikono mgongoni. Huko si kukumbuka? Juzi nilimuuliza, siku ile nilipokuchapa tulikuwa tunasoma nini? Akafikiri sana, kisha akasema, "Shikamoo, mwalimu." Somo limempotea. Lakini bakora anaikumbuka mpaka mti ilikokatwa, na hilo mtafiti gani ataliweza?

3. Huuliza leo somo la juma lililopita, watoto wakiwa wamekwisha kulisahau nusu, eti kule kulitafuta kichwani ndiko kunakolikaza. Sisi tuliwaimbisha kwa pamoja mpaka sauti ikafika barabarani, na mkaguzi aliyepita aliandika kwamba shule inasikika. Tena mtoto akikosea hamkemei, humuuliza amefikaje hapo. Nilimsikia mmoja akieleza kosa lake kwa kirefu hata akaligundua mwenyewe katikati ya maelezo. Ndugu Mwenyekiti, kosa la mtoto ni mali ya mwalimu. Watoto wakianza kujisahihisha, sisi tutasahihisha nini?

4. Aliponifuma dirishani hakunifukuza. Aliniamkia, akaniletea kiti. Shahidi hakalii kiti alichopewa na mshtakiwa. Nilikaa kwa sababu ya miguu.

5. Sasa la Zuwena. Kula kwa mkono wa kulia ni adabu yetu, na hapo Tuhfa mwenyewe habishi. Ila kalamu, anasema, si tonge. Ubongo wa mtoto huyu umeiweka kalamu kushoto, na kumlazimisha kulia ni kumpa kazi mbili kwa pamoja, kuandika na kuogopa. Nilimsikia akimwambia, "Lilaze daftari, mwanangu, kichwa chake kielekee kulia. Mkono hautakifuta ulichoandika." Mtoto akaandika jina lake lote, akacheka. Darasani.

Napinga kwa mfano. Namjua mtoto mmoja wa kijiji cha Moa, wa zamani hizo, aliyeanza kuandika kwa kushoto. Mwalimu wake aliufunga mkono ule kwa kipande cha kanga kwenye mguu wa dawati, kila siku, mpaka ukaacha kutamani kalamu. Mtoto yule alikuja kuwa mwalimu mkuu, na wakaguzi waliusifu mwandiko wake. Alipoteza nini? Hakuna aliyewahi kumsikia akilalamika.

Kwa hiyo naomba picha ya ubongo ishushwe na tumbo lirudi mahali pake. Watoto waje shule na madaftari tu, ubongo wauache nyumbani mpaka mtihani wa Darasa la Saba. Mwalimu Tuhfa ahamishiwe shule nyingine, na kijiji cha Mkwaja si mbali mno. Na mkono wa Zuwena ufungwe. Kipande cha kanga nitakitoa mimi.

Nisalimie wanakamati wote, na Bi Semeni hapo nyumbani kwako, na Mwalimu Tuhfa pia, maana kiti chake bado ninacho.

Wenu katika kuilinda elimu,
Mselem bin Badru
Mwalimu Mkuu Mstaafu

Baada ya sahihi: Nilipokuwa namalizia, Zuwena alikuja akasimama ubavuni pangu, akanitazama ninavyoandika. Akasema, "Babu, ilaze karatasi. Unajifuta." Nikailaza, na mistari hii ya mwisho mtaiona ni safi kuliko ile ya juu. Maombi yangu yote yafuteni. Msimfunge mtoto. Yule wa Moa ni mimi, na barua hii nzima imeandikwa na mkono ule uliofungwa.